Mama Mkwe Hakuwemo Kwenye Ratiba

Ukumbi wetu wa mjini ulipotoa ratiba ya msimu, watu wa Mpanda tuliupa msimu huo jina siku hiyohiyo: Msimu wa Choo. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa choo bora. Wa pili ulikuwa wa chandarua. Wa tatu ulikuwa wa kunawa mikono, ambao ukiuangalia vizuri ni ule wa choo umetoka nje ukafika kwenye ndoo. Halafu choo kikarudi tena, kwa maombi ya watazamaji, hivyo ndivyo bango lilivyosema. Mpaka leo namtafuta huyo mtazamaji aliyeomba. Nikimpata nitamshonea shati bure, la kufunikia uso.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha pili, naishi mtaa wa Ilembo, na cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitenge pale mjini. Maigizo nayapenda kuliko chakula. Huwa nashona sare za kwaya huku kichwani nakata nguo za watu ambao hawajazaliwa: gauni la malkia asiye na nchi, koti la mwizi mwenye huruma. Nasema siku moja nitaandika mchezo wangu, na ndani yake hakuna atakayenawa mikono.

Maana michezo yetu ni ileile. Mlevi anaingia na mto tumboni ndani ya shati, anayumba, watu wanacheka kwa sababu wameshalipa. Mkewe anaingia kajifunga kanga kiunoni, analia bila machozi. Anakuja daktari kwa koti jeupe lenye doa la mchuzi, doa ambalo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyeletewa koti hilo nilibane mabega. Daktari anaongea, mlevi anaelewa palepale, anatupa chupa, wote wanaimba. Msimu mzima hakuna mtu anayempenda mtu. Wanapendana na sabuni tu.

Na bado kuingia huko kunatafutwa kama kuingia peponi. Tiketi ya mchezo mmoja hawauzi, unauziwa tiketi ya msimu. Ukitaka wali wa Jumamosi, ununue na ugali wa wiki nzima. Kuhifadhi nafasi ni kwa simu peke yake, na simu inapokelewa asubuhi tu, na asubuhi mpokeaji yuko kikaoni. Unapiga, wimbo unaimba mpaka mwisho, unakata, unapiga tena, mpaka wimbo unaujua kuliko mwimbaji. Tiketi yako ina namba ya kiti. Viti vyenyewe ni vya plastiki, vya kuazima, havina namba hata kimoja. Niliuliza siku moja. Niliambiwa namba ni ya utaratibu.

Mwenye duka ninaloshonea mbele yake ni mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitokea Ujiji wakaifuata reli mpaka huku ilikoishia. Mimi namwita shangazi, yeye ananiita fundi. Yeye hununua tiketi ya msimu kila mwaka, kwa hasira ileile.

"Wallahi fundi, nikimwona yule mlevi tena nitampeleka mwenyewe msikitini," alisema akikunja vitenge.

"Sasa kwa nini unanunua?"

"Nisiponunua nitasengenya nini?"

Ndiye aliyeiona, chini kabisa ya ratiba, kwa herufi ndogo kama aibu. Kikundi kutoka Sumbawanga, mchezo wa kuchekesha: mama mkwe anakuja kwa mwanawe kusalimia siku mbili, anakaa mpaka mahindi yanakomaa. Hakuna choo. Hakuna sabuni. Shangazi aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaniangalia kama mtu aliyeona mvua ya kwanza.

Mimi nilimfikiria mama.

Mama yangu anaishi kijijini Kasekese, analima tumbaku na mahindi. Jukwaa hajawahi kuliona. Ameyajua maigizo kwenye redio tu, na hata hayo huyasikiliza kwa kugombana nayo. Lakini mama ni mwigizaji kuliko wote wa ukumbi ule. Wakati wa kufunga majani ya tumbaku anakuigizia mnunuzi anavyonusa jani huku uso kaugeuzia pembeni kama amepewa maziwa yaliyochacha. Anakuigizia mchungaji anavyokohoa kabla ya kuomba sadaka ya pili. Na anamwigiza bibi, mama mkwe wake, marehemu sasa, mkono kiunoni, kidole kikipita juu ya chungu kutafuta masizi. Majirani walikuwa wanakuja kusaidia kufunga tumbaku ili wamwone bibi.

Nilimpigia simu nikamweleza.

"Mtu anatoka kwake," akasema, "analipa, anakaa kwenye kiti, kumwangalia mama mkwe wa mtu mwingine?"

"Ndiyo mama."

"Nakuja."

Mchezo huo ulipangiwa siku moja tu. Tumbaku ya zamani ilikuwa imeshauzwa, na wiki inayofuata vitalu vya miche vilikuwa vinamsubiri. Mama akishaingia kwenye vitalu haonekani mjini mpaka mauzo mengine. Akiukosa mchezo huo, ameukosa, na mwakani nani anajua, huenda ratiba nzima ikawa choo kuanzia juu mpaka chini. Kwa hiyo nilipiga simu ile ya wimbo kila asubuhi kama mtu anayedaiwa kusali. Ilipopokelewa niliambiwa siku hiyo ya mama mkwe imepangwa kuwa Siku ya Familia. Tiketi ya msimu haitumiki. Mtu mmojammoja haruhusiwi. Ni familia tu.

"Jina la familia?" akauliza kaka wa tiketi aliyepokea.

Nikataja langu. Nilidhani anaulizia anayehifadhi.

Ujumbe ukaja: familia ya fulani, watu watatu, karibuni. Watatu ni mimi, mama, na kaka yangu anayeendesha bodaboda, ambaye ndiye angemleta mama kutoka Kasekese. Nilipomsomea mama huo ujumbe alicheka.

"Kwa hiyo wote tumekuwa wewe."

Nami nikacheka naye. Hatukujua kwamba utani huo ndio sheria.

Jumamosi mama alifika amekaa nyuma ya pikipiki, kajifunga kitambaa kichwani cha kanisani, vumbi jekundu limempaka mpaka kwenye kope. Nilimfuta uso barazani kwa shangazi, nikambadilisha viatu, tukaenda. Mlangoni alikuwepo yule kaka wa tiketi mwenyewe, na meza, na filimbi shingoni kama mwalimu wa michezo. Filimbi ya nini kwenye mlango wa ukumbi, hilo naliacha.

"Vitambulisho."

Tukampa. Akavipanga vitatu mezani, akavitazama kama mtu anayecheza karata mbaya.

"Hapa naona watu watatu," akasema. "Familia iko wapi?"

"Ndiyo hii," nikasema. "Huyu mama, huyu kaka."

"Majina ya mwisho hayafanani hata kwa herufi moja."

"Tazama pua basi," kaka yangu akasema, akageuza uso upande ili aonekane vizuri.

"Mimi siangalii pua. Naangalia jina la ukoo."

"Ukoo wa nani?" mama akauliza.

"Wenu."

"Jina ni la mtu, baba. Ukoo tunaujua tukikaa tukaulizana."

Hapa niseme kitu ambacho kila mtu wa Kasekese na wa jirani zetu Kabungu anakijua, ila kaka wa tiketi hakukijua, au alikijua akaona kinamchafulia meza. Sisi ambao wazee wetu walitoka Burundi hatugawani jina. Mtoto akizaliwa anapewa jina lake mwenyewe, na jina hilo ni sentensi nzima. Langu ni shukrani. La kaka ni kumwachia Mungu mambo, kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa. La mama ni neno ambalo babu aliwarushia majirani waliokuwa wanamsema vibaya, kwamba sasa waendelee kusema. Watoto sita wa nyumba moja wana majina sita, na ukiyapanga unaisoma historia ya nyumba hiyo, lini walivuna, lini waligombana, lini waliwasamehe watu. Ni jambo zuri sana. Kwenye meza ya kaka wa tiketi lilikuwa kosa la uandishi.

"Basi kwa mujibu wa utaratibu," akasema, "nyie si familia."

Mimi ni mtu wa kulia haraka. Nalia hata kwenye harusi za wateja. Nikaanza kutafuta leso. Mama hakukasirika. Alimwinamia kaka wa tiketi pale mezani kama anayetaka kumsaidia hesabu.

"Huyu binti nilimzaa mwenyewe, mvua inanyesha. Sasa wewe umesema si wangu. Niambie ni wa nani, nimpeleke."

Watu wa nyuma yetu wakaangua kicheko. Na hao wa nyuma yetu, karibu wote, walikuwa wa kwetu: mzee na mkewe kutoka Kabungu, mama na binti zake watatu, bwana mmoja na watoto wake. Mmojammoja walifika mezani, wakaweka vitambulisho, wakaambiwa ni watu, si familia. Wakasogezwa pembeni. Pembeni pakajaa, tukawa tumesimama chini ya paa la ukumbi, familia tele zisizo familia, kila mtu na jina lake.

Shangazi alikuwa ameshapita. Yeye na watoto wake wote wanatumia jina moja, la baba mkwe wake, wamelibeba kama sare. Akatoka mlangoni kututafuta.

"Fundi, mnangoja nini? Ndani viti mpaka vinapiga miayo."

Nikamweleza. Akamgeukia kaka wa tiketi.

"Wewe mtoto, huyu namjua. Huyu mama yake."

"Mama, sheria ni sheria."

"Nani kaitunga?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mama?"

Akavipanga upya vitambulisho mezani. Nadhani lilimgusa, kwa sababu baadaye alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna njia. Wote watatu tujiandike jina langu la mwisho kwenye karatasi yake, tuweke sahihi, yeye atafumba macho. Nikaona ni jambo dogo. Nikamwambia mama.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, ni jina la mlangoni tu."

"Nikiingia kwa jina lako, atakayekuwa ameuona mchezo ni wewe mara mbili. Mimi nitakuwa nimebaki hapa nje." Akakunja kanga yake, akakaa kwenye ngazi. "Jina hili alinipa baba yangu. Halina ubaya wowote. Mlango ndio una ubaya."

Nilijua hataondoka hapo kwa maneno yangu. Ndani wakaanza kupiga muziki wa kukaribisha. Nilisimama kati ya mlango na mama, na nilichokuwa nawaza ni bibi yetu na kidole chake kwenye chungu, na kwamba mama angecheka vipi, na kwamba sasa hatacheka. Kaka yangu akaanza kuzungumzia kurudi kabla ya giza.

Ndipo lilipofika gari. Jeupe, refu, la mradi, lenye maandishi mlangoni. Kaka wa tiketi aliliona. Akageuka, akachungulia ndani ya ukumbi, akaona kile ambacho shangazi alikuwa amekiona: viti vitupu, mstari baada ya mstari, na huko mbele familia chache za wenye maduka zimekaa mbali mbali kama meno ya mzee. Mgeni rasmi alikuwa anakuja, na hakuna watu wa kumpigia makofi.

Sheria haikuchukua muda kufa. Ilikufa kabla mlango wa gari haujafunguliwa.

"Ingieni," akasema. "Ingieni wote, haraka haraka, kaeni mbele, msiache nafasi."

"Na majina?" kaka yangu akauliza.

"Ingieni bwana."

"Hapana, nataka kujua. Sisi sasa ni familia?"

"Wote ni familia," akasema, akapuliza filimbi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya filimbi.

Mama aliinuka kwenye ngazi, akakung'uta kanga, akapita mbele yake bila kumtazama, kwa jina lake.

Tukapata viti vya mstari wa pili. Mama alikaa ncha ya kiti, mikono magotini, akaangalia pazia la kitenge. "Atatokea wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha upande wa kulia. Mtangazaji akashika kipaza sauti, kipaza sauti kikapiga yowe, na katikati ya yowe hilo nikasikia kwamba kutokana na ujio wa mgeni rasmi, na kwa maslahi ya maendeleo ya mkoa, mchezo wa leo utakuwa ule wa choo bora. Ndugu zetu wa Sumbawanga watapangiwa siku nyingine. Ipi, hakusema. Niliwaona hao ndugu zetu wamekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa nyuma. Mmoja wao, mwanaume, alikuwa ameshavaa gauni na kitambaa cha kichwani, titi moja limeteremka mpaka tumboni, anakula karanga.

Shangazi, mstari wa mbele, akageuka akaniangalia. Sijawahi kumwona mtu akitukana kwa macho vizuri namna ile.

Mama hakuwa amesikia. Kipaza sauti kilikuwa kimemwingia masikioni, na Kiswahili cha watangazaji huwa anakiacha kipite kama basi lisilo la kwao. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwona alivyokaa. Nikaufunga.

Mlevi akaingia na mto wake.

"Huyu ndiye mtoto wa mama mkwe," mama akaninong'oneza.

"Eee."

Mkewe akaingia, akalia.

"Ameshasikia kwamba anakuja. Ndiyo maana analia."

"Eee mama."

Akaingia jirani mwenye ndoo. "Ndiyo huyu?" Bado. Akaingia mjumbe wa nyumba kumi. "Huyu je?" Bado, mama. Akaingia daktari na doa lake. Mama akamtazama kwa shaka, akasema huyu ametumwa kuangalia kama nyumba iko tayari. Wakachimba choo cha maboksi, mlevi kashika jembe kama mtu anayekoroga chai, na mama akakubali kwamba ndiyo, mkwe hawezi kufika nyumba haina choo. Kila kitu kilimwingia akilini. Alikuwa anautunga mchezo ule upya hapohapo kwenye kiti, wa kwake ukawa mzuri, nami nikawa nazidi kuumia. Wakaimba ule wimbo. Wakainama. Makofi.

"Imeisha?" mama akauliza.

"Wanapumzika," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mtangazaji akamkaribisha mgeni rasmi. Alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia kwa mnyororo kifuani, mkoba kwapani, na nyuma yake mtu wa kumbebea mwavuli ndani ya ukumbi. Alipanda jukwaani polepole, akatazama ile nyumba ya maboksi. Akapitisha kidole juu ya meza ya waigizaji. Akakitazama kidole.

Nikasikia kiti cha mama kinalia.

"Mimi sikuja kukaa," mgeni rasmi akaanza. "Nimepita mara moja tu, kuwasalimia."

Mama alinishika mkono, akaubana. "Ndiye," akasema.

"Lakini nimezunguka huko nyuma ya ukumbi wenu. Nimeona. Nimeona kwa macho yangu haya. Hivi nyie mnaishije?"

Kicheko cha mama huanzia mabegani. Mabega yakaanza, kikashuka, kikapanda, kikatoka. Mzee wa Kabungu aliyekaa upande wake akamwangalia, akaangalia jukwaani, na naye akaelewa alivyoelewa mama, akaanza. Mgeni rasmi akatazama mistari ya mbele. Akaona watu wanafurahi. Na mtu akiona watu wanafurahi huongeza.

"Mnacheka. Chekeni. Mimi nimelea watoto, najua nyumba ikitunzwa inakuwaje. Siondoki hapa mpaka nionyeshwe anayetunza ufunguo wa choo."

Mstari wote wa Kasekese ulianguka kwa kicheko. Yule mama na binti zake watatu walikuwa wameshikana. Mama yangu machozi yalimtoka, akajifuta kwa ncha ya kanga, akawa anapiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu, mwanangu, kama anayeomba nimpunguzie. Shangazi alikuwa ameficha uso kwenye mtandio, mgongo unamtetemeka. Kaka wa tiketi alisimama mlangoni, filimbi mdomoni, bila kupuliza. Mgeni rasmi aliongea muda mrefu sana. Alitugombeza kuhusu vyombo, kuhusu watoto, kuhusu namna tulivyokaa, na kila alipogombeza alipigiwa makofi ambayo nadhani hajawahi kupigiwa kokote.

Nje, kaka yangu akiwasha pikipiki, mama alikuwa bado anashika mbavu.

"Wale wa mwanzo walikuwa wanasoma tu," akasema. "Lakini yule mama mkwe. Yule kaigiza."

Shangazi alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Kaigiza kweli," shangazi akasema.

Mama akapanda nyuma ya pikipiki, akarudi kwenye vitalu vyake. Kikundi cha Sumbawanga hakikupangiwa ile siku nyingine. Msimu mpya umetoka, una choo mara mbili na kodi mara moja, na tiketi ya familia bado inauliza ukoo. Mama akinipigia simu huuliza kwanza habari za kazi, halafu kama yule mama mkwe bado yuko mjini au aliondoka. Namwambia yupo. Wala simdanganyi: mradi umemwongezea muda, na sasa wamempa na ofisi.